Mashoga nao huzeeka

Kila mjadala kuhusu mashoga unapozuka humu nchini, msikilizaji makini atatambua kwamba wanaozungumziwa ni vijana peke yao. Mhubiri anapopaza sauti mimbarini, huonya kuhusu vijana wanaopotoshwa. Mwaka 2023, Mbunge wa Homa Bay Mjini, Bw. Peter Kaluma, alipoandaa Mswada wa Ulinzi wa Familia, waliomuunga mkono walisema haja yao ni kuwalinda watoto na vijana. Hata upande wa pili, yaani miongoni mwa wale wanaotutetea, picha ninazoziona katika machapisho na mabango ni za wavulana wenye mashavu ya kung'aa na viuno vyembamba. Mwenye mvi haonekani.

Basi nauliza: shoga akishatimiza miaka hamsini huenda wapi? Je, huyeyuka kama umande jua linapochomoza? La hasha. Yumo ndani ya matatu ya nambari 46 akirejea Kawangware jioni, koti limepigwa pasi, gazeti kwapani. Yumo sokoni Kangemi akinunua fungu moja la sukuma wiki, kwa kuwa anapikia kinywa kimoja. Yumo katika kamati ya kanisa huko Uthiru, na hesabu za sadaka anazitunza vizuri kuliko mweka hazina yeyote aliyemtangulia. Nayajua haya kwa sababu mimi ni mmoja wao. Nina umri wa miaka 58. Nilifika Nairobi mwaka 1988, na tangu hapo maisha yangu yamekuwa kati ya afisi za katikati mwa jiji na vyumba vya kupanga vya upande wa magharibi.

Najua msomaji mwingine atauliza kwa hasira: "Hata uzee wenu nao mnataka tuujadili?" Namjibu kwa heshima kwamba uzee hauna chama. Humjia mcha Mungu na asiyeswali, tajiri wa Lavington na mchuuzi wa Kawangware. Wahenga walinena kuwa ujana ni moshi, ukienda haurudi, wala hawakutaja ni ujana wa nani. Hata hivyo, moshi huo unapotutoka sisi, hutuacha mahali tofauti na wanaume wengine. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza leo.

Tuanze na hesabu ya miaka. Katiba ya mwaka 2010 inasema mzee katika jamii ni mtu aliyepita umri wa miaka 60. Mtumishi wa umma, tangu mwaka 2009 umri wa kustaafu ulipoongezwa kutoka 55, huenda nyumbani akiwa na miaka hiyo hiyo 60. Mpango wa Inua Jamii, unaowapa wakongwe shilingi 2,000 kwa mwezi, huwasubiri hadi watimize 70. Lakini miongoni mwa mashoga wa Nairobi mwanamume huanza kuitwa mzee akiwa na miaka 35. Akifika 40, kijana anayezungumza naye kwa simu humuuliza umri kabla ya kumuuliza jina. Akifika 50, haulizwi lolote.

Kwa nini iwe hivyo? Wengi husema ni upuzi wa watu wanaojipenda mno. Mimi nasema chanzo ni kingine kabisa, nacho kinatokana na jinsi tulivyolazimika kuishi. Mwanamume wa kawaida anapomtafuta mwenzi, ana milango mingi ya kujitambulisha. Atatajwa ukoo wake, kazi yake, shamba lake, tabia yake kanisani au msikitini. Shangazi atamsifia na rafiki atamchukulia ujumbe. Sura ni jambo moja tu kati ya mengi. Sisi hatukuwa na shangazi wala mshenga. Katika Nairobi ya miaka ya tisini, mtu alijulikana kwa jicho. Ulitembea jioni kutoka Kenyatta Avenue hadi Bustani ya Jeevanjee, watu wakipita kwa maelfu wakikimbilia magari, na katika umati huo macho mawili yangekutazama kitambo kidogo zaidi ya ilivyo desturi. Hukuulizwa ukoo, na kazi yako ulikuwa unaificha. Hata jina ulilolitoa halikuwa lako. Ulichokuwa nacho ni uso, mwendo na mabega. Huo ndio uliokuwa mtaji wetu wote.

Sasa fikiria, ewe msomaji, mfanyabiashara mwenye bidhaa moja tu, na bidhaa hiyo ni barafu. Je, tumcheke anapotazama jua kwa hofu? Mwanamume anaposimama mbele ya kioo cha kinyozi, akaona mashavu yameshuka na nywele zimerudi nyuma, na kinyozi akamuuliza kwa sauti ya chini kama ampake rangi nyeusi, hofu inayomshika si ya urembo peke yake. Anahofia kufungiwa mlango wa pekee aliokuwa nao wa kuingia katika maisha ya mtu mwingine. Nimewaona wenzangu wakifanya mengi kwa ajili ya hofu hiyo. Mmoja hulipia ukumbi wa mazoezi Westlands kwa fedha ambazo zingemlipia bima ya matibabu. Mwingine hutuma picha yake ya mwaka 2004, kisha hashangai yule aliyealikwa anapofika, akamtazama kwa mbali, akageuza miguu. Yupo pia ambaye hanyoi ndevu wala haziachi. Huzing'oa moja moja zile nyeupe, mpaka kidevu kikafanya vidonda.

Liko jambo jingine lililozifanya sura zetu ziwe jambo zito, nalo halisemwi. Rais Daniel arap Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999. Kufikia wakati huo kizazi kilichonitangulia kilikuwa kimekwisha kupungua vibaya. Wale ambao leo wangekuwa na miaka 70 na kutuonyesha namna ya kuzeeka, wengi wao wako makaburini huko mashambani kwao, na waliowazika waliambiwa ni kifua kikuu au ni kurogwa. Tulibaki bila wakubwa. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kupatikana kwa wingi katika hospitali za umma, mojawapo ya zilizotumiwa sana ilikuwa stavudini. Iliokoa maisha ya watu wengi na ninaishukuru. Lakini ilikuwa na ada yake: ilinyonya mafuta ya mashavu, ya mikono na ya makalio, ikamwacha mtu na uso wa mzee wa miaka themanini juu ya mwili wa mtu wa thelathini na mitano. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2009 kwamba nchi ziache kuitumia hatua kwa hatua. Kwa waliokuwa wameitumia kwa miaka mingi, mashavu hayakurudi yalivyokuwa.

Katika jamii yetu ndogo, uso wa namna ile ulikuwa tangazo. Mtu aliingia mahali, na kabla hajaagiza soda, kila mmoja alikuwa amekwisha kumsomea hali yake ya afya. Tangu wakati huo, kukonda kwa uso, jambo ambalo kwa binadamu yeyote ni dalili ya kawaida ya kuzeeka, kwetu kulichanganyika na ugonjwa na mauti. Kijana wa leo anayesema "mimi sitaki kuzeeka" huenda hajui kwamba amerithi hofu ya mazishi ambayo hakuyahudhuria.

Sasa tugeukie upande wa jamii pana. Mila zetu hazimpi mtu uzee kwa sababu ya mvi. Katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu maisha ya Wagikuyu, Jomo Kenyatta alieleza jinsi madaraja ya wazee yalivyofuatana: mwanamume aliingia baraza la kwanza baada ya kuoa na kutoa mbuzi, na akapanda daraja mtoto wake alipofikia umri wa kutahiriwa. Jamii nyingine nyingi humu nchini zina utaratibu wa aina hiyo. Uzee, kwa hivyo, ni cheo, na ngazi ya kukipandia ni ndoa na watoto. Asiyeoa hubaki kijana hata meno yakimtoka. Nendapo kwetu kwa mazishi au mahari, wadogo zangu wa miaka arobaini hukaa katika viti vya wazee wakijadiliana, nami hutumwa kuhesabu kreti za soda pamoja na wavulana. Humu jijini, makanga huniita "mzee" kwa sababu ya kichwa changu. Kule nyumbani mimi ni kijana kwa sababu ya kitanda changu. Nimekuwa mkongwe bila kuwa mzee.

Ni kwa ajili ya cheo hicho wengi wa rika langu walioa. Siwahukumu, lakini sitaki pia tuwasahau wanawake waliolipa gharama. Mwanamke aliyeolewa ili mumewe apate kiti barazani, akaishi miaka thelathini na mtu anayemheshimu ila hamtamani, naye pia amezeeka huku akijitazama kiooni na kudhani kasoro ilikuwa yake. Jamii inayomlazimisha mwanamume kuoa ili ahesabiwe mtu mzima humdhulumu binti wa watu pia.

Haki inanidai niseme pia kwamba uzee umetuletea neema moja. Mvi ni stara. Katika ujana wetu, wanaume wawili wakipanga chumba kimoja, mwenye nyumba aliuliza maswali na majirani walihesabu vitanda. Leo wanaume wawili wenye vipara wakiishi pamoja Kinoo au Dagoretti, watu huwadhani ni ndugu, au ni wajane waliofarijiana. Askari wa usiku hawasimamishi tena. Wanaitwa "wazee wetu" na hupewa nafasi ya kuketi. Utulivu huo ni mtamu, na kuna walioungoja maisha yao yote. Lakini pazia linalokuficha na adui hukuficha na rafiki pia. Jamii haikuacha kutuchukia. Imeacha tu kuamini kwamba mtu wa umri wetu anaweza kupenda.

Wala tusidhani kwamba lawama zote ni za nje. Miongoni mwetu kuna dharau kubwa kwa waliozeeka. Mwanamume wa miaka hamsini akionekana na wa miaka ishirini na minane, huitwa sponsa papo hapo, kana kwamba hakuna kitu duniani kinachoweza kuwakutanisha watu wawili isipokuwa pochi. Wazee nao, kwa kuamini kwamba sura zao hazina thamani tena, huanza kulipa hata pale wasipodaiwa. Hapo ndipo matapeli hupata mwanya. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinatishia kifungo cha miaka 14, na kifungu cha 165 miaka mitano. Ni nadra vifungu hivyo kumpeleka mtu gerezani. Kazi yao ya kila siku ni kumpa nguvu mlaghai. Kijana aliyetumwa na genge humwalika mzee chumbani, wenzake hubisha mlango wakijidai ni polisi, na mzee hutoa fedha ili jina lake lisitajwe kazini na kanisani. Kadiri mtu anavyozeeka ndivyo anavyokuwa na mengi ya kupoteza, na ndivyo anavyokuwa windo bora. Mwenye kuomboleza mashavu yake huwa mwepesi kumwamini anayeyasifu.

Mahakama zetu zimetuacha njia panda. Tarehe 24 Mei 2019, majaji watatu wa Mahakama Kuu hapa Nairobi walikataa kufuta vifungu hivyo. Siku tatu tu kabla, mwandishi Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru na mshindi wa Tuzo ya Caine ya mwaka 2002, alikuwa amefariki katika jiji hili hili. Yeye ndiye aliyejitangaza waziwazi kuwa shoga mnamo Januari 2014, alipokuwa akitimiza miaka 43. Katika miaka yake ya mwisho, ingawa kiharusi kilikuwa kimempiga, alizipaka nywele zake rangi za kupendeza macho na kuvaa alivyotaka. Wengi walimcheka. Mimi niliona ndani yake mwanamume aliyekataa kuuaga mwili wake kwa aibu. Hakuupata uzee, alikufa akiwa na miaka 48. Mnamo Februari 2023 Mahakama ya Upeo, majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji lina haki ya kusajiliwa, na mwezi Septemba mwaka huo ikakataa ombi la Bw. Kaluma la kuutazama upya uamuzi huo. Hivyo, sheria inaturuhusu kuunda chama lakini haituruhusu kupendana. Mwanamume anaweza kuzeeka akiwa mwanachama halali wa kundi la watu ambao mapenzi yao ni haramu.

Hata hivyo, Katiba ina kifungu cha 57. Kinasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi. Hakuna mahali kinaposema "ila wale wasiooa".

Hebu tuwatazame wenzetu wa kwingineko. Katika jiji la Alexandria, Misri, palikuwa na mshairi wa Kigiriki aitwaye C. P. Cavafy, aliyezaliwa 1863 na kufa 1933. Kwa takriban miaka thelathini alikuwa karani katika idara ya unyunyizaji maji. Alipenda wanaume, na mashairi yake mengi bora yalikuwa kumbukumbu: mtu mzima anakaa peke yake na kukumbuka miili, vyumba na mitaa ya ujana wake. Ninachojifunza kwake ni kwamba kumbukumbu inaweza kuwa mali badala ya kuwa kidonda. Karani yule hakujidai kijana. Aliugeuza umri wake kuwa kibali cha kusema yale ambayo kijana hawezi kuyasema, kwa kuwa kijana bado hajayapoteza.

Huko Manila, Ufilipino, mwaka 1975, mtetezi mmoja aitwaye Justo Justo alifungua nyumba yake kwa mashoga wazee waliofukuzwa na jamaa zao. Walijipatia riziki kwa kuvaa magauni na kufanya maonyesho ya urembo wakiwa na miaka sitini na sabini. Fikiria hilo! Uso uliokunjamana ukapakwa poda, si kwa kuficha umri, bali ili watu walipe kiingilio na wazee wapate wali. Lakini Justo alipofariki mwaka 2012, wazee hao waliondolewa katika nyumba ile wakatawanyika. Wema wa mtu mmoja usiokuwa na hati husimama kwa muda wa uhai wake tu.

Hapa ndipo ninapofikia hoja yangu kuu. Tumetumia nguvu nyingi mno kuomboleza sura, na chache mno kuandaa uzee wenyewe. Rangi ya nywele hudumu wiki chache. Wosia hudumu kuliko aliyeuandika. Sheria ya Urithi, Sura 160, inamruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kumwachia mali yake amtakaye, mradi asiwadhulumu wanaomtegemea kisheria. Wosia wa kuandikwa huhitaji mashahidi wawili, na ni busara mrithi asiwe mmoja wao. Asiyeacha wosia, wala mke, wala mtoto, mali yake huenda kwa wazazi wake, na wasipokuwapo, kwa ndugu zake. Yule aliyeishi naye miaka ishirini, aliyemwogesha alipougua, hatajwi popote. Atatolewa nyumbani kabla matanga hayajaanuliwa, na ndugu ambao hawakuwahi kubisha hodi watagawana hata mablanketi.

Msidhani natia chumvi. Wakenya wa umri wangu wanakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, aliyefunga naye ndoa halali, aliomba amzike mumewe nyumbani kwao karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukapinga, na mnamo Mei 1987 Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo maiti, ukaenda kuizika Nyalgunga. Ikiwa mke wa ndoa, mwenye cheti na watoto, alishindwa kumzika mumewe, sembuse rafiki asiye na jina mbele ya sheria? Mwenzangu, ambaye nimeishi naye miaka 19, ana umri wa miaka 63. Mwaka jana alilazwa katika hospitali moja ya jijini, na mhudumu wa mapokezi akaniuliza: "Wewe ni nani wake?" Nilijibu kwamba mimi ni ndugu yake, nikaruhusiwa kukaa naye dakika kumi. Mikunjo ya uso wake siku ile haikunisumbua hata kidogo. Kilichonisumbua ni kwamba katika fomu ile ndefu hapakuwa na mstari wa kuandika nilivyo kwake.

Kwa hivyo, nina maombi machache. Kwa wenzangu wa rika langu: nendeni kwa wakili mwandike wosia. Katika vyama vyenu vya akiba na mikopo, angalieni jina la mtu mliyemwandika kuwa mlipwaji mkifa. Wengi bado wana jina la mama aliyefariki zamani. Undeni vyama vidogo vya kutembeleana na kuzikana, kama wafanyavyo akina mama wa mitaa yetu bila kuomba ruhusa ya mtu. Kisha mkitaka kupaka nywele rangi, pakeni kwa raha zenu. Hakuna dhambi katika kupenda kupendeza.

Kwa vijana: msituheshimu kwa kutuhurumia. Tuulizeni. Tunajua jinsi ya kuishi jijini bila kunaswa, jinsi ya kumtambua tapeli kwa swali lake la pili, na jinsi ya kumuuguza mtu anayeogopa kwenda hospitalini. Edwin Chiloba, kijana mwanamitindo aliyeuawa Eldoret mapema mwaka 2023, alikuwa na miaka 25 tu. Kila mnapolaani mvi, kumbukeni kwamba wapo ambao wangetoa chochote wafike siku ya kuziona.

Kwa mashirika: tuhesabuni. Miradi mingi ya afya ilianzishwa kwa ajili ya vijana na kwa ajili ya virusi. Mwaka 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada, vituo vilivyokuwa vikituhudumia vilifungwa au vikapunguza kazi, na mzee wa miaka sitini anayemeza dawa za virusi, za shinikizo la damu na za kisukari akaelekezwa kwenye foleni ya kawaida, ambako hujieleza upya kila mara. Mipango mipya itakapoandikwa, uzee uwe na ukurasa wake.

Na kwa familia za Wakenya wote: katika kila ukoo yuko mjomba ambaye hakuoa. Mnamjua. Ndiye anayelipa karo ya watoto wasio wake, na huja Krismasi na mkate na sukari, akaondoka mapema. Siwaombi mbadilishe dini zenu kwa ajili yake. Nawaomba mmpe kiti cha wazee. Mwulizeni ni nani angependa aitwe siku atakapougua, kisha mliandike jina hilo bila kuuliza zaidi.

Mwaka 2020, barabara kuu ya juu ilipokuwa ikijengwa kuelekea Westlands, mafundi walitaka kuung'oa mugumo mkubwa uliokuwa kando ya Waiyaki Way, mti unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka mia moja. Watu wakapiga kelele, na mwezi Novemba mwaka huo ikatolewa amri kwamba usiguswe. Hakuna aliyeutetea kwa kusema kwamba bado ni mchanga au kwamba gome lake ni laini. Waliutetea kwa sababu ulikuwa mzee, na ulikuwa umewatilia kivuli watu bila kuwauliza makabila wala mienendo yao. Jiji lililoweza kuufikiria hivyo mti halikosi uwezo wa kumfikiria hivyo binadamu. Tunachoomba ni kuzeeka mahali tulipoishi, kwa majina yetu, na kuzikwa na watu wanaotufahamu.